Ngege wa Mkononi na Paka wa Mama Mkwe

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Mnajua nilichorwa tatuu juzi juzi. Samaki ngege mzima mkononi, mgongo wa kijani, mapezi mekundu (nilitaka apendeze). Kijani kikabambuka, kikapona vizuri. Nyekundu ikakataa. Ikavimba, ikawasha usiku na mchana. Mchoraji akaniambia kuna ngozi zisizopatana na rangi nyekundu, nimwone daktari, na nisipake kitu chochote chenye harufu. Mimi nikapaka mafuta ya samaki, ya mbuta. (Nyanya yangu alitibu kila kitu nayo. Msiniulize.)

Sasa leo Atieno amenipeleka Pap Onditi, huko Nyakach, kwa mamake, mara ya kwanza. Nampenda huyu msichana hadi naogopa. Mamake akinikataa, nimekwisha. Na Atieno alishanionya kwamba mama hataki hata kusikia habari ya tatuu. Basi nikavaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote, kwenye jua la Nyakach! Mafuta yakapenya hadi nje ya kitambaa.

Tukakaa mezani. Mama akatuambia tufumbe macho, akaanza kuomba. Mama huyu haombi kidogo. Alikuwa amefika kuwaombea wajomba wa Muhoroni nilipohisi kitu kinapanda pajani. Paka. Akanusa mkono wa shati, akaanza kulamba. Nikamsukuma polepole, macho bado nimefumba (adabu muhimu). Akarudi na makucha, moja kwa moja kwenye mapezi mekundu.

Nilipiga mayowe katikati ya baraka. Kifungo kikaruka, shati likapanda hadi kiwiko, vigaga vyekundu vikadondoka kwenye ugali. Atieno akafunika uso. Paka alikuwa bado ananing'inia.

Mama aliutazama mkono wangu.

"Baba, hii kitu inauma?"

"Inawasha, Mama."

"Na umevaa hivi kwa hii jua yote juu yangu?"

"Ndiyo, Mama."

Kimila mama hamgusi mkwe wake, kwa hivyo akamtuma Atieno maji na sabuni aje anioshe. Kisha akasema, "Mtu amekubali kuchemka hivi ndio aniheshimu, huyo ni wangu. Lakini kesho ni hospitali. Na hiyo mafuta akome."

Nusura nilie.

Paka amenisindikiza hadi barabarani. Harusi mtaalikwa nyote, ila atakayecheka atakaa meza moja na huyo paka.