Tulivyorudi kwenye Misingi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mkuu wa chama ametangaza redioni kwamba tulipotea njia. Tumeshindwa uchaguzi mara mbili kwa sababu ya fulana, muziki na maneno ya kuiga. Sasa tunarudi kwenye misingi ya waasisi: familia, nidhamu, adabu kwa wakubwa. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilijikata kwa furaha.

Maana misingi yenyewe ni mimi! Katibu mwenezi wa tawi miaka kumi na miwili, sijahama, sijanuna hadharani. Jumamosi tawi linateua mgombea udiwani, na kikwazo ni kimoja tu: Kinyozi. Anapendwa mno. Si ajabu. Mtu akikushikia wembe shingoni kila wiki mbili, utathubutu kumchukia? Mke wangu anasema anapendwa kwa sababu anasikiliza watu. Ana roho nzuri mke wangu, ila siasa hazijui.

Jumanne, 4 Machi

Nimekipata kitabu cha waasisi! Kilikuwa kimeuzuia mlango wa ofisi ya tawi usijifunge. Vifungu ishirini na viwili. Kifungu cha nne: mgombea awe mwanachama kwa miaka kumi mfululizo. Kinyozi alihamia chama chetu, huu ni mwaka wa sita. Nikakifunga kitabu palepale. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jioni, kikao. Nilitoa hoja turudi kwenye vifungu vyote, kama vilivyoandikwa, bila kupunguza hata nukta. Nikawakumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Makofi! Kinyozi naye alipiga, maskini. Hoja ilipita bila kupingwa. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alikichukua kitabu akasome nyumbani. Asome tu.

Jumatano, 5 Machi

Amesoma. Chote! Kinyozi ametolewa, kifungu cha nne kimemla. Lakini kuna kifungu cha tisa. Kila mgombea aletwe mbele ya wajumbe na mmoja wa wakwe zake, naye athibitishe kwamba ni mtu wa kutegemewa. Waasisi wameandika na sababu: asiyeelewana na wakwe hataelewana na wapiga kura.

Mkwe wangu aliye hai ni mmoja, Mama mkwe. Anakaa ng'ambo ya barabara. Mimi huwa napita njia ya nyuma.

Chanzo ni viti. Niliazima kwake viti sita vya marehemu baba mkwe, vya mkutano wa tawi, kwa siku mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Viko ofisini, vinakaliwa. Mke wangu kasema nikodi mkokoteni leo leo, nivirudishe, yaishe. Nikamuuliza, nikivirudisha wajumbe watakaa wapi Jumamosi? Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kisima kimeingiaje kwenye habari za viti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mama mkwe na machungwa. Nilimwamkia shikamoo mara tatu. Akaitikia zote tatu. Akataja kwamba mlango wa jikoni unakwama. Nikasema fundi wa nini na mkweo nipo! Nikatoa bawaba, nikapiga randa. Sasa haukwami. Haufungiki pia. Kuku wa jirani ameshaingia mara mbili.

Mama alisema ahsante mwanangu, kwa sauti ambayo sikuipenda. Ameahidi kuja Jumamosi na kusema kweli tupu. Kweli ya nini tena?

Ijumaa, 7 Machi

Dawa imepatikana. Rangi! Kijani cha chama. Nimevipaka viti vyote sita kwa mikono yangu, maana kifungu cha pili kinasema tujitegemee. Baba mkwe mwenyewe akifufuka hatavitambua. Muuza rangi alisema vikauke siku mbili. Wauza rangi ni watu waoga sana.

Jumamosi, 8 Machi

Wajumbe thelathini. Mama mkwe akakaribishwa mstari wa mbele, kiti cha heshima. Alipoitwa kusema, aliinuka, na kiti kikainuka naye. Kisha kikaachia, kikaanguka miguu juu. Chini yake, mahali ambapo sikupaka, herufi za jina la baba mkwe, zimechongwa kwa patasi.

Wajumbe watano wakasimama, wakageuza vyao. Mama akainama, akazipapasa zile herufi taratibu kwa kidole. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka machozi yakanilenga.

Akasema mimi si mtu mbaya. Naamkia vizuri. Ila nimeshindwa kurudisha viti sita ng'ambo ya barabara, sasa chama kizima nitakirudisha vipi? Walicheka hadi Mwenyekiti akavua miwani. Ndipo Kinyozi akasimama. Kadi ya Mama ni namba tano, alisema, na ulimi wake hauna kutu. Kwa nini tusimteue yeye? Makofi! Mwenyekiti akakumbusha kwamba kifungu cha tisa kinadai mkwe. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasimama. Nikathibitisha. Nilisema ni wa kutegemewa, na kila kitu chake anajua kilipo. Sikusema uongo. Amepita kwa kura zote.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudisha viti. Safari sita, kimoja kichwani kila safari, majirani wakinipungia mikono. Mama kanipa chai, kanifanya mwenezi wa kampeni yake, na kaniomba nimtafutie fundi wa mlango. Fundi wa kweli, alisisitiza. Nimefurahi, sikatai.

Lakini nimewaza. Kosa halikuwa kurudi nyuma. Hatukurudi nyuma vya kutosha! Kabla ya kile kitabu, waasisi walikuwa watu saba tu chumbani. Hakuna vifungu, hakuna wakwe. Bila shaka aliyezungumza sana ndiye aliyeongoza. Nimeshaandika hoja ya kikao cha Jumanne: turudi kwenye misingi ya misingi.

Mke wangu ameuliza kama nimemwonyesha Mama kwanza, kwa kuwa alikuwemo mle chumbani, mmoja wa wale saba. Sioni haja. Wazee wanajua nini kuhusu mambo ya zamani!