Yah: Njia ya Kumfundisha Mbwa Asing'ate Kutumiwa kwa Mwenye Nyumba

Mheshimiwa Daktari wa Mifugo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba juma hili hakuna mnyama aliyekujeruhi. Mimi ni yule fundi makochi niliyekuja kliniki kwako na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu na plasta kwenye vidole. Mbwa anaitwa Msumari. Bila shaka unamkumbuka, kwa sababu alikula kamba ya kiatu chako wakati ukinieleza kwamba hana ubaya wowote.

Ulinieleza, tena vizuri, kwamba mtoto wa mbwa akiota meno fizi humwasha, ndiyo maana hung'ata chochote kilicho karibu. Dawa yake, ukasema, si kipigo wala makelele. Akikung'ata, lia "aii" kama mtu aliyeumia kweli, mpe kisogo, utoke chumbani kwa muda mfupi. Ukirudi ukamkuta ametulia, msifu. Mpe pia kitu cha baridi atafune. Ukasisitiza kwamba nyumba nzima lazima ifuate njia moja, la sivyo mbwa atachanganyikiwa.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Jioni ile ile niliwaita sebuleni mke wangu, mama mkwe wangu ambaye tunaishi naye, na wafanyakazi wangu wawili, maana karakana iko uani na Msumari anazurura kote. Nikawaeleza yote, nikawaonyesha na mlio wenyewe, kisha nikatamka maneno ambayo leo yananitokea puani: "Kuanzia sasa, yeyote atakayeng'ata katika nyumba hii atafanyiwa hivyo hivyo, bila upendeleo." Nilikuwa na maana ya mbwa. Tunaye mmoja tu, kwa hiyo sikuona haja ya kufafanua.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mke wangu. Siku chache baadaye nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mchuzi wa siku hiyo ungefaa zaidi kuoshea brashi za gundi. Akasema "aii", taratibu, bila hasira yoyote, akanipa kisogo na kwenda jikoni na sahani yake. Nikadhani ameungua. Aliporudi alinikuta nimenyamaza kwa mshangao, naye akasema, "Vizuri sana," kwa sauti ile ile anayoitumia Msumari anapoachia soksi.

2. Mama mkwe. Huyu miguu inamsumbua, hawezi kuinuka na kutoka kila anapoona nimemng'ata mtu. Kwa hiyo amebuni utaratibu wake, ambao wewe hukuufundisha: anasema "aii", halafu ananyoosha fimbo kuelekea mlangoni, nitoke mimi. Daktari, unajua mwenyewe kwamba mama mkwe hajibiwi. Natoka. Juzi nilisimama nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, mvua inanyesha, nikisubiri kuitwa ndani. Msumari alikuwa dirishani, mkavu, akinitazama.

3. Karoti. Ulisema mbwa apewe karoti iliyokaa kwenye friji ili fizi zitulie. Sasa nikiingia kutoka karakana nimekunja uso, kabla hata sijafungua mdomo, nakabidhiwa karoti. Sisemi kwamba siili. Nasema hakuna aliyeniuliza.

4. Karakana. Hapa ndipo heshima yangu ilipokwenda na maji. Nina mshonaji mmoja na mkata sponji mmoja, watu wazima, ambao tumekula sahani moja miaka mingi. Asubuhi moja nilimwambia mkata sponji kwamba mto aliokata ungemfaa mtu mwenye kalio moja. Wote wawili wakalia "aii", wakanipa kisogo, wakatoka wakaniacha na mteja, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja kuulizia viti vyake. Mama yule akataka kujua kuna ugonjwa gani. Nikamweleza ukweli, maana sikuwa na uongo wa karibu. Alinisikiliza kwa makini sana. Kesho yake nikampigia simu kumwambia kwamba viti vyake vimechelewa kwa sababu yeye mwenyewe hajui anachotaka, naye akasema "aii" akakata simu.

5. Msumari mwenyewe. Jumatano cherehani ilikuwa inakata uzi, tukawa hatuelewani, na nadhani sauti yangu ilipanda kidogo. Msumari alikuwa amelala miguuni pangu. Akalia, akainuka, akanipa kisogo, akatoka nje, akakaa huko kwa muda ule ule ulioagiza wewe. Kisha akarudi, akanikagua kama nimetulia, akanilamba kidole. Nimevumilia mengi katika ufundi huu, lakini kusamehewa na mbwa ni jambo jipya kwangu.

Naomba nieleweke: kwa upande wa mbwa sina lawama. Haya yote yametokea huku yeye akiendelea vizuri. Mikono ameshaiacha, miguu ya makochi ameshaiacha, na kilichobaki ni visigino tu, ambavyo bado vinamshinda. Mama mkwe anawaambia wageni kwamba mwenzangu Msumari ameshaelewa, ni mimi niliyebaki nyuma darasani.

6. Hili la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Msumari aliletwa na binti yetu, kitinda mimba. Alikuwa anajifunza ufundi kwangu. Siku moja, mbele ya mteja, niliukagua mshono wa kava aliloshona, nikauona umepinda, nikaufumua wote kwa mkasi na kusema kwamba kazi ile hata mbwa wake angeifanya kwa meno. Mshono ulikuwa umepinda, na neno hilo silifuti. Akaweka mkasi wake mezani, akahamia kwa shangazi yake. Shangazi mtu hataki mbwa, ndiyo maana Msumari akabaki hapa. Tangu siku hiyo binti yangu na mimi hatujasemeshana.

Jumapili anakuja kuchukua cherehani yake na masanduku yaliyobaki. Mama yake ameshamfundisha njia yako kwa simu. Nimewasikia wakifanya mazoezi ya mlio.

Nina hofu, Daktari, na nakwambia wewe kwa sababu hatufahamiani sana. Nina maneno ya kumwambia yule mtoto. Nimeyapanga kichwani, nikayapangua, nikayapanga tena, lakini maneno yangu yakishatoka mdomoni huwa na ncha hata nisipotaka. Hawa wengine wakinipa kisogo watarudi tu, kwa sababu wanakaa hapa na wanafanya kazi hapa. Yeye akinipa kisogo atakuwa ameshika masanduku.

Kwa hiyo naomba uiandikie familia yangu barua, yenye mhuri ikiwezekana, uthibitishe kwamba njia ile ni ya mbwa peke yake na haifanyi kazi kabisa kwa binadamu, hususan fundi wa umri wangu, ambaye meno yake yalishaota zamani na baadhi yameshaaga. Inifikie kabla ya Jumapili. Kwa hisani hiyo niko tayari kukushonea upya, bure, yale mabenchi ya wagonjwa wako, ambayo, bila kukusema vibaya, hata mbuzi aliyekuwa karibu nami siku ile aliamua kusimama kuliko kuyakalia.

Nisalimie msaidizi wako, yule paka mnene wa mapokezi, na mwenye mbuzi kama bado anakuja. Mke wangu anakusalimu na anakushukuru. Mama mkwe anakusalimu na anakushukuru zaidi. Wafanyakazi wangu nao wanakusalimu, na kwa jinsi wanavyocheka wakikutaja, nadhani wanakushukuru pia.

Ni mimi, mtiifu kwako lakini si kwa kiwango wanachokitaka nyumbani,

Fundi Makochi

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii ilikosa mtu wa kuileta, na sasa ni Jumapili jioni. Binti amekuja. Alikuwa anaifunga cherehani kwa kamba, nami nimesimama mlangoni na maneno yangu yamepangika vizuri. Kabla sijaanza akasema, bila kunitazama, kwamba hata nikibaki fundi pekee duniani hatajifunza tena kazi kwangu. Wakati huo huo Msumari akanidaka kisigino. Nikalia "aii" kama ulivyofundisha, nikageuka, nikatoka, kwa mazoea tu, nikaenda kusimama nje mahali pangu pa siku zote.

Baada ya kitambo nikasikia nyayo. Alikuwa ameiacha kamba. Akaniuliza, "Baba, nimekuumiza?"

Daktari, tangu nishike nyundo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala mimi sijawahi kumwuliza mtu. Mbwa sikumtaja. Nilisema, "Kidogo. Na mimi siku ile nilikuumiza?" Akasema, "Sana." Yale maneno mengine niliyoyapanga yalinipotea yote, na sikuyahitaji. Mama yake akatuletea karoti, kila mtu yake, tukazila tukiwa tumesimama pale pale.

Cherehani imerudi mezani. Mshono ule wa kava nimeuchunguza tena kwa alama za sindano zilizobaki kwenye kitambaa, nikazipima kwa futi. Haukupinda.

Basi ile barua ya mhuri usiiandike. Nakuomba tu unijulishe ni muda gani Msumari amebakiza kumaliza kuota meno, na kama kuna namna ya kumchelewesha kidogo katika somo la visigino. Jumapili ijayo dada yangu, yule shangazi mtu, anakuja kututembelea, na kwake yeye nilisema mabaya zaidi.