Ruta ya Kilo Tisini na Nne

Jumatatu, 14 Julai 2025
Bi Mwanahawa kanipigia tena. Intaneti ninayomuuzia kwenye gesti yake Ufukoni inakwama, na wageni wake wanalalamika. Kanipa hadi Ijumaa, la sivyo anamwita Shahzad. Shahzad! Muuza kava za simu! Gesti ile ni nusu ya riziki yangu. Ikienda, narudi kwenye ghala la korosho kupima magunia, kazi niliyoiaga kwa hotuba ya dakika ishirini.
Dawa nimeipata. Mzee Fazal, muuza mitambo ya mtumba, ameshusha ruta mbili, mitambo ya kusambazia intaneti, zilizotoka kampuni ya simu. Ruta za wakubwa!

Jumanne, 15 Julai
Nimenunua. Fazal alianza kunieleza habari za umeme, nikamwambia kwa upole kwamba haongei na mtoto. Miaka tisa nimekaa mizanini! Nikazipima moja moja kwenye mizani yake. Ndogo: kilo sita. Kubwa: kilo tisini na nne! Akaisifia ile ndogo, eti ndiyo inayonifaa. Wafanyabiashara hawa! Nimechukua kubwa.
Wanaume wanne wameiingiza ndani. Friji la Rehana, mke wangu, limehamia uani. Ameuliza kama ruta nayo inagandisha barafu. Wivu tu.

Jumatano, 16 Julai
Haina plagi. Uzito wote ule, plagi hakuna! Fredi, fundi umeme, kaizunguka mara mbili, akasema inataka umeme wa betri, volti arobaini na nane, kama kwenye minara ya simu. Akauliza kama Fazal hakuniambia. Nikamjibu Fazal huongea sana, mtu hawezi kusikia kila kitu.
Bahati nzuri hesabu naijua. Betri nne za bajaji, volti kumi na mbili kila moja. Madereva wa kijiweni hapa Magomeni yetu, si ile ya Dar, ni marafiki zangu, wataniazima.

Alhamisi, 17 Julai
Imewaka! Feni zake zimenguruma hadi majirani wakatoka kutafuta ndege angani. Nimelia kidogo, nakiri. Kisha ikadai neno la siri. Nikaweka langu la Wi-Fi, ikakataa. Nikaweka jina la Rehana, ikakataa. Rehana kasema hata yeye angekataa. Dakika ya sita betri zote zikafa. Madereva si marafiki zangu tena.
Jioni Fazal katuma ujumbe: yuko tayari kunibadilishia, nichukue ile ndogo. Rehana kanisihi niende. Nishuke kutoka kilo tisini na nne hadi sita? Mtu ana heshima yake.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya swala nimekwenda Ufukoni kumwomba Bi Mwanahawa wiki moja zaidi. Kanikaribisha chai. Intaneti ilikuwa inakimbia! Nikadhani muujiza. Kumbe Shahzad alishafunga mtambo wake asubuhi, kidude kilichokaa juu ya kabati. Nikakitambua. Kilo sita. Shahzad kanipa shikamoo kwa adabu zote, ndiyo maana imeniuma zaidi.
Nimerudi kwa miguu. Bajaji sipandi tena.

Jumapili, 20 Julai
Barua ya kuomba kazi ghalani nimeiandika. Rehana ameifunika ruta kitambaa cha kufuma, amepanga vikombe juu yake. Wageni wanaisifia.
Nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Fazal anasema kuna nyingine inakuja kutoka Dar, anaapa ni kilo mia moja na arobaini. Safari hii sidanganyiki. Mizani yake siiamini. Nakwenda na yangu.