Matuta ya Mama Rosina na Kauli ya Serikali

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo nimejibu maswali ya papo kwa papo. Nimejibu haswa! Dodoma wangenisikia wangenitumia gari. Bunge letu hukaa kila Alhamisi barazani kwa Cornelia muuza chai, hapa Sumbawanga, redio ikishamaliza kutangaza lile la Dodoma. Cornelia ndiye Spika, kwa kuwa birika ni lake. Waziri Mkuu ni mimi, Oswaldi, fundi redio, niliyefika Mpulungu, kule Zambia, mara mbili na kurudi na viatu. Kiti chenye mgongo ni changu. Wengine wanakalia madebe.

Mama Rosina, mjane wa watu, kauliza mbolea ya ruzuku inafika lini. Mvua ziko karibu: aisubiri apande mahindi, au abaki na ulezi wake kwenye matuta? Nikajibu kwamba Serikali iko mbioni. Makofi! Hapo Eustaki, karani mstaafu, Kambi ya Upinzani ya mtu mmoja, akaleta swali la nyongeza: mbio gani hizo, mbona hata vumbi hatulioni? Watu wakacheka. Wakanicheka mimi! Nikapandwa na hasira, nikatamka: Jumatatu!

Nani kaniambia Jumatatu? Hakuna. Kiongozi hasubiri kuambiwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Eustaki anapita kibandani kwangu kuwauliza wateja kama ni Jumatatu ya mwaka huu. Wivu wa kiti tu! Mke wangu Gaudiosa kanishauri nikaifute kauli. Nikamweleza kwamba kauli ya Serikali hairudi nyuma. Akasema basi isogee pembeni, anataka kufagia.

Sawa. Nitawajibu kwa vitendo. Mbolea ya kisasa inataka shamba tambarare, la mistari. Mama Rosina ana matuta. Majani kayafukia humo tangu masika, yameoza, eti ndiyo mbolea. Karne hii! Kesho ni Siku ya Marehemu Wote, atakuwa kanisani kumwombea mumewe. Akirudi atakuta shamba kama uwanja wa mpira. Atalia kwa furaha.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeikosa misa kwa ajili ya taifa. Nimeazima ng'ombe na plau kwa Mboje, Msukuma jirani yake Mama Rosina. Naye badala ya kunipa ng'ombe akanipa hotuba: eti Wafipa aliowakuta hapa huvunja matuta mvua ikishanyesha, kukiwa kukavu hivi upepo utabeba kila kitu. Nikamwambia yeye mtu wa kuja, asinifundishe Ufipa! Akacheka, akanipa kamba.

Mpaka saa sita shamba lote tambarare. Kazi safi. Nikasimama katikati nijitazame.

Ndipo upepo ukaja. Upepo wa huku haubishi hodi. Ule udongo mweusi wote, na majani yake yaliyooza, ukanyanyuka, ukashika njia ya Zambia. Bila pasipoti!

Mama Rosina akanikuta natema mchanga. Akakaa chini na kitenge chake cha kanisani. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hilo nalo liko mbioni. Ulezi ule ndio ugali wake na wajukuu mwaka mzima. Nikawarudisha ng'ombe kwa Mboje kwa njia ya nyuma. Mimi!

Jumatatu, 4 Novemba

Lori! Lori kubwa, limefunikwa turubai! Nikalipokea barabarani, nikaning'inia ubavuni mpaka sokoni nikiwapungia wananchi, waheshimiwa wote wakikimbia nyuma. Mama Rosina mbele yao, kashika magunia matupu. Turubai likafunuliwa.

Chokaa.

Eustaki akachovya kidole, akaonja, akaliuliza Bunge kama mahindi yetu si meupe ya kutosha.

Hoja ya kutokuwa na imani ikaletwa palepale. Wote wakaunga mkono, hata Spika, ninayemtengenezea redio bure! Azimio: nizoe samadi zizini kwa Mboje, niipeleke kwa Mama Rosina kabla ya mvua, mpaka yeye atakaposema imetosha. Kiti kapewa Eustaki. Yule! Mtu hajafika hata Tunduma!

Jumatano, 6 Novemba

Samadi. Mgongo. Samadi. Niambieni ni Waziri Mkuu gani duniani kafanyiwa hivi! Mboje anakaa kivulini na kuuliza kama upepo wa leo ni wa kisasa.

Mama Rosina kaniletea togwa ninywe. Nikadhani ni msamaha. Akasema bado haijatosha. Akasema ulezi huenda ukaota, ila kidogo. Jioni nimempelekea gunia letu la ulezi, lote. Gaudiosa bado hajaangalia kule darini.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekalia debe kama mbunge wa kawaida. Nimevumilia. Minza wa saluni akauliza umeme huu utaacha lini kukatikakatika: Jumamosi ana maharusi watatu wa kutengeneza nywele, na jenereta aliyoazima, mwenye nayo anaitaka. Airudishe au aing'ang'anie? Eustaki, kwenye kiti changu, akajibu kwamba hajui. Ataenda kuulizia.

Hajui! Hadharani! Nchi imefika huku?

Nikageuka. Mama Rosina alikuwa ananitazama mimi, mimi peke yangu, huku akitikisa kichwa polepole. Hata yeye kachoshwa na uongozi huu! Basi nikasimama. Nikatamka kwamba umeme hautakatika tena mpaka Krismasi. Bunge zima likashusha vikombe. Wameduwaa. Ndivyo watu wanavyokuwa wakipata jibu.

Jenereta nimeirudisha mwenyewe, begani, kabla Minza hajamaliza chai yake. Jumamosi atanishukuru.