Kengele ya Jana na Picha ya Kapteni

Jumapili, 6 Julai

Sina amani. Leo asubuhi imeonyeshwa sehemu ya tatu ya katuni mpya ya Mnara wa Chumvi, na waandishi wameingiza kengele! Kengele ya jana, wanaiita. Ukiigonga mara moja, siku iliyopita inarudi na mambo yanaanza upya. Tulikuwa ghorofani kwenye mgahawa wa Hozumi, wanachama wote kumi na wawili wa chama cha mashabiki, kama kila Jumapili. Kila mtu mle ndani aliwaza jina moja: Kapteni Tsurumaki.

Kapteni alikufa miaka ishirini na tisa iliyopita, mwisho wa katuni ile ya kwanza. Alibaki mnarani na watu wake kulinda taa huku maji yanapanda. Tangu hapo chama chetu kinamfanyia kumbukumbu kila Oktoba, kwa ubani, machenza na mtawa wa kweli, binamu yake Hozumi. Na anayebeba picha ya marehemu mbele ya msafara ni mimi, Wakui Mitsuharu, muuza mabafu. Mwaka wa kumi na tisa huu! Kazini wananiita "yule wa mabafu". Lakini siku ile ya Oktoba nikipita na picha, watu wazima wananiinamia. Kapteni akifufuka, nitabeba nini? Ndoo?

Mjadala ulikuwa mkali. Nagatomi, daktari wa meno, alisema kengele ni wazo zuri na kwamba watoto wa leo wana haki ya kumwona Kapteni akiwa hai. Nikamjibu kuwa kengele inatufutia machozi ya miaka ishirini na tisa. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe bwana, unataka mwenzio aendelee kuoza ili upate cha kubeba?" Wakacheka! Tulipohesabiana, saba wanaitaka kengele, wanne hatuitaki, mmoja alikuwa msalani. Mwenyekiti wetu Bi Hatsukano, nesi mstaafu wa shule, akagonga meza akasema tusubiri tuone. Yeye anaweza kusubiri. Hana picha.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata dawa. Wakati wa chakula cha mchana, huku nakula wali wangu nyuma ya mabafu ya mbao, nimejisajili kwenye ukumbi wa mashabiki mtandaoni kwa jina jipya: Mchora Mawingu. Nikaandika kuwa mimi ni mfanyakazi wa studio. Nachora mawingu tu, mtu mdogo, lakini nimeona michoro. Kengele itagongwa kwa ajili ya Kapteni. Na Kapteni atakataa kurudi!

Nimelitunga lote kichwani. Kabla sijamaliza wali, majibu yalikuwa mia tatu. Wengine wanalia, wengine wananitukana. Nagatomi naye kaandika neno moja: "Ushahidi?" Nyoka huyu.

Alhamisi, 10 Julai

Ushahidi anao sasa. Huu ni mwezi wa zawadi za kiangazi, kila mtu anamtumia aliyemfaa. Nimekwenda duka kubwa la karibu na stesheni, nikachagua boksi la tambi nyembamba za kula na barafu, za daraja la juu. Mpokeaji: Bi Hatsukano, mwenyekiti. Mtumaji: Mchora Mawingu. Anwani ya mtumaji nikaandika ile ya studio, kule Tokyo. Msichana wa kaunta alinisifu mwandiko. Nimetoka nikitembea kwa maringo kidogo, kisha nikaona askari wa barabarani nikaacha.

Jumapili, 13 Julai

Ushindi, na papo hapo balaa.

Ushindi: Bi Hatsukano alisimama na boksi mkononi, akatangaza kuwa studio imekikumbuka chama chetu kidogo cha Takaoka. Mchora Mawingu ni mtu wa kweli! Watatu wakahamia upande wetu papo hapo. Nagatomi aliinamia kahawa yake. Sijawahi kuona jambo tamu kama lile.

Balaa: Bi Hatsukano akaendelea, kwa pumzi ileile, kuwa kadi ya shukrani aliipeleka posta siku ileile aliyopokea boksi. Ameishukuru studio kwa tambi, na zaidi kwa kumweleza ukweli kuhusu Kapteni. "Si ndiyo adabu, jamani?" akauliza. Wote wakaitika kuwa ndiyo adabu. Nami nikaitika. Chai ikapita njia isiyo yake, Hozumi akanipiga mgongoni.

Kadi ya shukrani! Nimesahauje? Mama yangu alikuwa haturuhusu kufungua boksi kabla hatujaandika kadi. Nchi nzima hii hakuna mtu anayepokea tambi akanyamaza. Na sasa studio itapokea shukrani ya tambi ambazo haikutuma na siri ambayo haikuitoa.

Jumanne, 15 Julai

Nimepiga simu posta, nikauliza kama kadi iliyokwishatumwa inaweza kurudishwa. Karani, mpole sana, akauliza kama mimi ndiye niliyeituma. Nikasema ni mama yangu mdogo. Akauliza jina la mama mdogo. Nikakata.

Ofisini simu ikilia nashtuka. Ilipolia mara ya tano leo nilijilaza ndani ya bafu la maonyesho, na mteja akanikuta humo. Nikamwambia napima kina. Kanunua. Ndilo bafu pekee nililouza mwezi huu na sikuweza hata kufurahi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwisha.

Bi Hatsukano kanipigia. Studio wanakuja Jumapili. Nikauliza, kwa sauti isiyo yangu, kama wamekasirika. Akasema hapana, wanakuja kuomba radhi! Eti siri imevuja kutoka kwao, na mashabiki wameharibiwa utamu. Nikauliza siri gani. Akasema, "Hiyo ya Kapteni kukataa kurudi. Kumbe ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo! Niliokota kitu kwenye bakuli la wali na kumbe ni kweli!

Kuna zaidi. Wana binti mmoja pale anayechora mawingu, jina lake Orihara, ana miaka ishirini na minne. Wamemwambia akae nyumbani. Anaapa hakuandika neno, na hakuna anayemwamini, maana mchora mawingu ni yeye peke yake. Watamleta ainame mbele yetu, halafu wataamua kama ana kazi au hana.

Sijala tangu mchana. Nikisema, picha imeniponyoka. Nisiposema, binti wa watu anafukuzwa kwa uongo wangu. Nimefikiria kuugua siku hiyo. Lakini Bi Hatsukano alikuwa nesi, atakuja na kipimajoto. Nimefikiria kuhamia Hokkaido. Namwogopa huyu binti kuliko polisi, na sijawahi hata kumwona.

Jumapili, 20 Julai

Nitaeleza kwa utaratibu.

Walikuja wawili: bwana mmoja wa makamo mwenye suti nyeusi katika joto hili, na Orihara. Mdogo wa umbo, macho mekundu. Bwana akaweka mezani boksi la keki kwa mikono miwili, wakainama, wakabaki wameinama. Binti akasema kwa sauti ndogo kuwa anaomba radhi kwa usumbufu, ingawa si yeye. Bwana akamkatiza, kwamba hilo la "ingawa" aliache.

Nilikuwa nataka kusema. Naapa! Mdomo nilishaufungua. Ila Bi Hatsukano alinitangulia. Yeye hutunza kila karatasi ya anwani ya kila boksi alilopokea, ili mwisho wa mwaka ajue arudishe nini kwa nani. Akaitoa ile ya tambi, amwonyeshe binti kwa huruma tu, amuulize kama ni mwandiko wake. Binti akatikisa kichwa. Bi Hatsukano akaiangalia tena. Akavaa miwani. Kisha akainuka polepole, akaleta kitabu cha wageni cha kumbukumbu za Kapteni, kile ninachokiandika mimi kila Oktoba. Akaviweka sambamba.

"Wakui," akasema. Bila neno Bwana mbele yake. Miaka kumi na tisa sijaitwa hivyo.

Nikapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka. Nikasema yote: wali, tambi, posta, kila kitu. Nilikuwa nalia na kutoka jasho, sijui kipi ni kipi. Bwana wa suti hakuamini kuwa nilibahatisha. Akaniuliza mara tatu nani kanipa siri. Nikamwambia hakuna. Kapteni hajawahi kurudia kitu chochote maishani mwake, hata mwavuli aliousahau bandarini hakuurudia, alilowa tu. Mtu wa namna hiyo atawaachaje waliozama pamoja naye, arudi peke yake kwa kengele?

Bwana akatoa kalamu akaandika la mwavuli.

Orihara akanigeukia. Akasema, "Wewe ni mtu mbaya sana. Na umemwelewa kuliko sisi." Kesho anarudi kazini. Kwa hilo nilishusha pumzi kidogo.

Hukumu ilitolewa baada ya wageni kuondoka. Sifukuzwi. Nitakaa karibu na ngazi, na nitaosha vikombe hadi mwaka mpya. Picha ya Kapteni itatunzwa na kubebwa na Nagatomi.

Na Nagatomi!

Jumapili, 27 Julai

Imeonyeshwa. Kengele ikagongwa, jana ikarudi, mlango wa mnara ukafunguka. Kapteni akatazama nje, akatabasamu, akaufunga mwenyewe. Ghorofa nzima ililia, hata wale saba. Nagatomi alijifuta kwa kitambaa cha kliniki. Mimi nililia kwenye ngazi, nimeshika vikombe sita. Juu ya mnara mawingu yalichorwa vizuri mno.

Kwa hiyo Kapteni amebaki marehemu. Kumbukumbu ipo. Kile nilichokiogopa mwanzo hakikutokea, na bado Oktoba nitatembea nyuma ya msafara na ndoo ya maji.

Jumanne, 29 Julai

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza, na nimeamka na wazo safi kabisa. Halina tambi wala mwandiko. Fremu ya picha ni ya mbao. Mbao huingiwa na wadudu. Fremu yenye wadudu lazima itibiwe miezi miwili, nyumbani kwa mtu mwangalifu.

Saa nne nimempigia Nagatomi kliniki. Nimebana pua, nikajitambulisha kuwa fundi fremu kutoka Kanazawa. Nikamweleza hatari ya wadudu kwa kirefu, na kwamba Bwana Wakui, mtu mwaminifu wa hapo hapo Takaoka, anaweza kuja kuichukua leo jioni. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Wakui. Na vikombe vya Jumapili ulivioshea nini, vinanuka sabuni," akakata simu.

Sijui amenijuaje. Kesho nitabana pua zaidi.