Ruhusa ya Kulia Saa za Kazi

Kwa manufaa ya uchumi, ilitangazwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto wa Eldoret atakayehuzunika saa za kazi.

Tangazo lilitoka Idara ya Uchangamfu wa Watoto, na karani mkuu, Brigid Nangila, ndiye aliyelipiga muhuri. Sababu zilikuwa nzito. Wazazi walikuwa wanaacha kazi kwenda kukaa na watoto wasiotaka kula wala kuongea. Maziwa ya wakulima wa Moiben yalichacha yakingoja dereva aliyekuwa amemshika bintiye mkono. Mkurugenzi Kinuthia alichunguza suala hili kwa kina, akagundua tatizo lenyewe: wazazi walikuwa wanatoka kazini bila fomu.

Sasa wangejaza fomu, naye Mkurugenzi angeisaini ndani ya siku ishirini na moja.

"Na mtoto akilia leo?" Nangila aliuliza.

"Avumilie, Madam. Utaratibu ni utaratibu."

Uzinduzi rasmi ulifanyika wiki mbili baada ya utekelezaji, kama kawaida. Aliyechaguliwa kusoma risala ya furaha alikuwa Wacera, binti wa Mkurugenzi, miaka tisa, mtoto aliyesifiwa ofisi nzima kwa kutosumbua mtu. Nangila alipomfunga utepe aliona kucha zimetafunwa hadi kwenye nyama. Alitaka kusema kitu. Bendi ikaanza.

Wacera akashika maikrofoni, akaikunja karatasi ya risala.

"Soma, mami," babake akanong'ona.

"Baba, siwezi. Sina furaha. Nimejaribu tangu Januari."

Akaketi pale pale jukwaani, akalia.

Kinuthia akatazama saa. Saa nne na nusu, saa za kazi kabisa.

"Nangila, nampeleka nyumbani."

"Sawa, Mzee. Fomu?" Neno lilimtoka kwa mazoea tu, akaona aibu mdomo ukiwa bado wazi.

"Lete nisaini!"

"Kifungu cha nne kinasema mtu hawezi kujiidhinisha. Ni Mkurugenzi anasaini."

"Mkurugenzi si ni mimi!"

"Hapo ndipo pana shida, Mzee."

"Ngoja kama sisi, boss!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Yangu iko siku ya tisa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kinuthia hakucheka. Alimtazama mtoto wake, akavua beji, akambandika Nangila kwenye sweta. "Wewe ni Kaimu. Saini." Kwa kuwa meza haikuwepo, aliinama, Nangila akaweka fomu kwenye mgongo wa Mkurugenzi, akasaini. Kisha baba akambeba binti, miguu mirefu ikining'inia.

Kaimu alikuwa na mamlaka hadi saa kumi na moja. Aliidhinisha fomu zote, halafu akaandika barua ya kuajiri washauri wawili, watu ambao kazi yao ni kukaa na mtoto na kumsikiliza. Kinuthia aliporudi wiki iliyofuata, aliisoma mara mbili, akaiacha ilivyo.

Siku washauri walipofungua mlango, mstari ulifika kwenye ngazi. Wa kwanza alikuwa mkuu wa mipango wa Idara, suti nyeusi, peke yake.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," akasema.

"Yuko wapi?" Nangila akauliza.

Mkuu akatazama viatu vyake, akajigusa kifua.

"Alikua."