Holi ya Kijapani ya Mama Mwenyekiti

Mafuta, aliyepewa jina hilo kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza, aliegesha pikapu nje ya nyumba ya daktari wa meno kwa sababu moja tu: takataka za pale zilikuwa nzuri kuliko bustani za wengine.

Mtunza bustani alikuwa akipunguza ua. Si ua wa kukwaruza wapita njia. Huu ulikuwa wa holi ya Kijapani: majani madogo kama kucha za mtoto mchanga, mazito, yanayong'aa, kijani mwaka mzima, umenyooka kama uliopigwa pasi, na kila pembe kichaka kimoja kimekatwa mviringo kama mpira. Vitawi vilivyokatwa vilirundikwa nje ya geti.

"Hivi mnavifanyia nini?" Mafuta akauliza.

"Tunatupa."

"Mungu awasamehe," akasema, akaanza kupakia.

Mtaa wa pili, Mama Mwenyekiti hakuwa analala vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wakazi, ndiye aliyeanzisha shindano la bustani bora, ndiye aliyechagua waamuzi, na kombe alilinunua mwenyewe ili lisije likawa baya. Kilichopungua ni kitu kidogo tu: bustani. Na holi kama ile ya daktari, aliyoitamani, bahati mbaya hukua kwa kasi ya faili katika ofisi ya serikali. Shindano lilikuwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi geti likagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unauza dini, ninayo."

"Hapana mama. Nimeambiwa hapa anaishi mtu mwenye jicho la bustani."

"Nani kasema?"

"Wanaokuonea wivu."

Geti likafunguka lote, hadi pikapu ikaingia.

Nyuma ya pikapu ilipangwa mipira ya holi, mikubwa, ya kijani, mizuri kupita ya daktari. Ndani yake, mambo ambayo si ya kumsumbua mteja, kulikuwa na waya wa kuku uliojazwa mchanga na vumbi la mbao lililooza, vya bure kutoka kwa fundi seremala. Vitawi vilikuwa vimechomekwa humo kimoja kimoja mpaka waya ukapotea.

"Hii ni holi kweli?"

"Mama, chuma jani, nenda kwa daktari, ulinganishe."

Akaenda, mwenyewe, kwa ndala. Akarudi anahema kwa furaha. Hapa sina budi kumtetea Mafuta: hakudanganya. Ilikuwa holi halisi. Kuhusu mizizi hakuna aliyeuliza, na yeye si mtu wa kujibu asichoulizwa.

"Inatunzwaje?"

Mafuta alihitaji majani yasikauke kabla hajavuka mji, basi akatunga masharti palepale. "Usiipande chini, itakosa adabu. Iweke kivulini. Inyunyizie maji asubuhi, mchana na jioni, kisha uifunike kwa nailoni. Ni ya Kijapani, ina haya."

"Na ikifa?"

"Ife? Mama, ikifa, pikapu hii yako!" Akaweka kiganja juu ya boneti, akaapa.

Kiapo hicho kilimtoka kwa urahisi, lakini ukweli ni kwamba pikapu ile ndiyo ilikuwa kazi yake, ofisi yake, na siku akigombana na dada yake, chumba chake cha kulala. Tapeli asiye na gari ni mtembea kwa miguu mwenye maneno mengi.

Jumamosi Mama Mwenyekiti alishinda. Mtaa mzima ulishangaa, isipokuwa waamuzi. Daktari wa meno alisaga meno, huku akijua fika madhara yake.

Mafuta akahamia upande mwingine wa mji na kusahau. Miezi miwili hivi ikapita. Siku moja aliiacha pikapu ioshwe, akaenda kunywa chai. Aliporudi, Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha abiria, mkoba mapajani.

"Ingia mwanangu. Twende ukaone msiba."

Kando ya geti, katikati ya jua kali, palikuwa na mpira mmoja wa holi, umekauka kama ufagio.

"Na... na mingine, mama?"

"Mingine iko nyuma. Sitaki hata uione." Akajifuta jicho lililokuwa kavu. "Sasa, mdogo wangu ni mkuu wa kituo cha polisi. Nimpigie, au uliapa?"

Mafuta akatoa ufunguo. Akatoa na kadi ya gari, akasaini uhamisho kwenye boneti ileile. Kisha, masikini, akamshukuru kwa huruma yake na kutoka mbio.

Huko nyuma ya nyumba sasa. Wiki kadhaa kabla, Mama Mwenyekiti alishika kitawi kimoja aking'oe kwa hasira. Kikagoma. Akavuta zaidi, kikatoka na ndevu nyeupe za mizizi. Vumbi la mbao, mchanga, kivuli, maji, nailoni: wenye vitalu vya miche hufanya hivyohivyo, tena kwa makusudi. Mafuta alikuwa amedanganya hatua zote kwa usahihi. Mama akahamishia kila kitawi kwenye kifuko chake cha miche, na mpira mmoja akauanika juani, uwe shahidi.

Mafuta aliyajua hayo siku alipopita pale kwa miguu, akaiona pikapu imejaa miche hadi juu.

"Mama! Ulisema imekufa!"

"Uliouona ulikuwa hai?"

"Na ile ya nyuma?"

"Nilisema sitaki uione. Uliuliza kwa nini?"

Mafuta akageuka kuondoka.

"Leseni unayo?" Mama akamuuliza.

"Ninayo."

"Basi peleka mzigo huu kwa daktari, anaongeza ua. Utalipwa jioni, kama dereva. Na ukifika usiongee, wateja wangu hawapendi watu wa maneno."

Akapanda. Magoti yakagonga usukani; kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kumfaa mtu mfupi. Akainama kukirudisha nyuma.

"We dereva!" sauti ikatoka dirishani. "Hicho kiti usikiguse!"

Akaondoka taratibu, magoti yamekaribia masikio, miche ya halali ikitikisika nyuma yake.